Dua ya Kinuni

Ndugu yangu, nilifika Kasongo kwa arobaini ya bibi nikiwa sina nguvu hata ya kusalimia watu. Pikipiki ya kutoka Salamabila ilikuwa imenitikisa mifupa yote. Niliketi uani, nikakiona kinu chake kimelazwa kando ya jiko, kuku akiatamia ndani.

Kinu hicho ndicho kilichokuwa chuo changu. Kila Alhamisi alasiri tulitwanga sombe, majani ya muhogo, bibi na mimi, na huku tukitwanga alinifundisha dua ya marehemu. Mchi ukitua, tunasoma. Ukiinuka, tunanyamaza, hata kama maneno hayajaisha. Bibi alisema bibi yake alikuwa mtwangaji huko Nyangwe. Wanawake hawakuitwa chuoni, basi waliishika dua kwa masikio, mwalimu akisomesha barazani nao wakitwanga nyuma ya ua. Vituo vyao vya kufuata mchi vikabaki kwetu. Mikono iliniuma, nikanuna, naye akanicheka kwamba mvivu hata dua yake ina njaa.

Mara moja tu aliacha kutwanga ili aseme nami. "Siku yangu ikifika, unisomeye vile tunasoma hapa. Ndiyo nitajua ni weye."

Nikaitikia, kama mtoto anavyoitikia lolote ili sombe iive upesi.

Siku ya arobaini, wanawake walijaa chumbani. Mwalimu mpya wa msikiti, aliyesoma mbali, alikuwa amekwisha kutuagiza kwa upole kwamba vile vituo vya zamani ni makosa, vinaikata dua vibaya. Huenda ana haki. Nilikuwa na neno la kumjibu, lakini nilichoka, ndugu yangu. Nilichoka na safari, na biashara, na kubishana na watu. Zamu yangu ilipofika, nikaisoma dua moja kwa moja, laini, bila kukwama. Mwalimu akashukuru kutoka barazani.

Sahani zilipokwisha kuoshwa, jirani yetu mzee, aliyetwanga na bibi tangu ujana wao, alikuja kuketi karibu nami. Hakuwa na hasira.

"Umesoma muzuri, mama," akasema. "Lakini bibi yako hakujua ni nani."

Jirani huyo sasa ndiye peke yake anayevijua vile vituo, ukiniondoa mimi. Kesho yake nilimwondoa kuku, nikakisimamisha kinu. Nilisoma nikitwanga kinu kitupu, mpaka mikono ikakataa. Sijui kama dua iliyochelewa hufika.