Ulimi wa Mama Majira

Hebu mwone anavyofika. Ni alasiri, jua bado halijapoa, na mwanamke wa makamo anaingia hotelini kwa mlango wa jikoni, kapu la ndimu mkono huu, fungu la mnanaa mkono ule. Mlango wa mbele, husema, ni wa wanaolipa. Hamsalimii mtu kwanza. Anakwenda moja kwa moja nyuma ya kaunta ya baa, anaweka kapu chini, anazitazama chupa rafuni kama mama anayekagua watoto waliotoka kuoga: nani kajisugua, nani kajimwagia maji tu akakimbia. Akishamaliza ndipo anaposema, "Hamjambo humu ndani?"

Miaka yote alizitazama chupa hizo kwa mapenzi. Katika siku ninazokusimulia, alizitazama kwa shaka.

Jina la Mama Majira alipewa na wateja. Hoteli yenyewe ni ndogo, ghorofa mbili na baa chini, yenye feni moja inayolalamika kuliko inavyopuliza. Lakini kokteli zake zilijulikana mtaa mzima, kwa sababu hakukuuliza unataka nini. Alitazama nje dirishani, halafu akakutazama wewe. Baridi ikiuma, alikupa ramu ndani ya kikombe kizito, na tangawizi iliyopondwa, asali na maji ya moto. Joto likizidi, alikupa vodka na ndimu, vipande vya tango, mnanaa, na barafu mpaka glasi itoke jasho. Mvua ya kutwa ilikuwa na wiski yake, iliyotiwa chai nyeusi. Watu wa harusi aliwachanganyia mvinyo wa povu na maji ya pasheni. Aliyetoka mazikoni hakumchanganyia kitu: brandi kidogo, glasi ndogo, kiti cha pembeni.

"Huyo kashachanganyikiwa vya kutosha," alisema. "Mwacheni na kitu kimoja kilichonyooka."

Yeye mwenyewe hakuwa mnywaji. Alionja tu. Alichovya mrija kwenye glasi, akaziba tundu la juu kwa kidole, akadondosha tone ulimini, akafumba macho, kisha akatema kwenye sinki. Tone likikubali, glasi inaondoka. Likikataa, anaongeza. Vile vikombe vidogo vya chuma ambavyo wenzake hupimia alivitupa kabatini zamani, vikashika kutu. Ulimi ndio uliokuwa kipimo cha baa ile, na meneja aliwatajia wageni ulimi huo kama wengine wanavyotaja bwawa la kuogelea.

Basi baridi ilipokuwa inaaga, mafua yakamlaza Mama Majira, mafua ya kufunga pua na masikio. Aliporudi kazini joto lilishaingia, ikawa zamu ya vodka. Akachovya mrija, akadondosha tone, na tone likapita ulimini kama maji ya bomba. Akaongeza vodka. Likapita vilevile. Akaongeza tena, ndipo akasikia kitu, kwa mbali, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya tatu.

Akajiambia: chupa hii ina mkono wa mtu.

Ukishaanza kushuku, kila kitu kinakuja chenyewe kujipanga mstari. Sokoni aligombana na muuza tangawizi, eti anauza mizizi mizee isiyowasha. Nyumbani binti zake walisukuma sahani wakasema, "Mama, leo chumvi umeimwaga yote?" Akaona watoto wameanza kudeka. Kila jambo alilitafutia mshukiwa wake, na la vodka halikumpa taabu, maana funguo za stoo zilikuwa kwa mtu mmoja tu.

Mtu huyo alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake. Yeye mwenyewe ndiye aliyemleta kwa meneja, akamsemea maneno mazuri mpaka akapewa stoo. Kwa kuwa alimwita Shemeji mbele za watu, hoteli nzima ikamwita Shemeji, hata wageni wa ghorofani. Alikuwa mpole, mcheshi, na alipenda kusema kwamba pombe anaijua kwa lebo tu.

"Tangu nizaliwe, Shemeji, haijanigusa mdomo," alimwambia Mama Majira. "Mimi ni mchunga mbuzi asiyekula nyama."

Zamani maneno hayo yalimchekesha. Sasa aliyasikiliza kama mtu anayehesabu meno ya ng'ombe kabla ya kumnunua. Na lile begi je? Shemeji alikuwa anakwenda nalo nyumbani likiwa na chupa tupu, anasema ni za kuwekea mafuta ya kupikia. Familia ya watu watatu, mmoja bado ananyonya, inapika nini na mafuta yote hayo?

Siku moja meneja akamwita kando, karibu na friji.

"Mama Majira, vodka inaisha mbio. Kila nikigeuka tunaagiza nyingine. Wateja si wengi hivyo."

"Ina maji," akasema, na neno likawa limeshatoka.

Meneja akashusha sauti. "Una hakika?"

"Ulimi wangu haujawahi kunidanganya."

"Basi Jumamosi tuna harusi hapa. Kabla wageni hawajafika, onja zilizo rafuni, uniambie. Ukisema zina maji, mwenye funguo anaondoka siku hiyohiyo, na sijali ni shemeji wa nani. Ukisema hazina, nitatafuta kwingine."

Mama Majira akarudi kaunta. Mshahara wa Shemeji ndio pekee ulioingia nyumba ya mdogo wake. Lakini angenyamaza vipi, akae anawapa watu maji kwa jina la vodka, yeye aliyejengewa heshima na chupa hizohizo?

Akaanza kumvizia. Akamwona anacheka na Fundi Saa, mteja wa kila siku anayekaa kwenye kiti cha mwisho. Walicheka sana, na alipokaribia wakapunguza. Kwa nini wapunguze?

Fundi Saa akainua glasi yake. "Mama Majira, siku hizi unatuchanganyia kwa hasira? Jana glasi moja tu, nikamsalimia mlango nikamuuliza habari za watoto."

"Nani kakutuma useme hivyo?"

"Huohuo mlango."

"Mimi sitanii."

"Hata wenyewe haukutania. Ulininyamazia kabisa."

Akaona wazi kwamba wameshakula njama. Mmoja anatia maji, mwenzake anasifia ukali ili watu wasistuke.

Ijumaa akaamua kuijaribu chupa kwa njia ya wenye baa. Vodka kamili haigandi kwenye friza ya jikoni. Iliyotiwa maji inashika barafu. Akaizika chupa iliyofunguliwa chini kabisa, ndani ya mifuko ya samaki, akaenda zake. Jumamosi asubuhi akaifukua. Ilikuwa imefunga ukungu kwa nje, lakini ndani vodka ilitembea taratibu, laini, bila chembe ya barafu.

Wewe ungepumua. Yeye alimgeukia mpishi. "Nani kafungua friza hii?"

"Shemeji. Alikuja kuchukua samaki mapema."

"Alaa," akasema Mama Majira, na shaka ikanenepa. Ameiona, akaibadilisha.

Mchana akajifungia baa peke yake. Nje watu walikuwa wanafunga maua kwenye viti. Akachukua chupa mpya, kizibo hakijaguswa, akaifungua kwa mkono wake. Akamimina glasi mbili. Moja akaiacha ilivyo. Ya pili akaitia maji ya bomba, robo nzima. Nia yake ilikuwa kuufundisha ulimi tofauti ya wazi, kisha aonje zilizo rafuni na kumpelekea meneja neno lisilo na wasiwasi.

Mrija, kidole, tone. Kimya. Mrija, kidole, tone. Kimya kilekile.

Akarudia. Safari hii aliweka mrija chini akapiga funda zima la ile kamili. Koo likapata moto, macho yakatoa machozi, lakini ulimi ulikaa pale kama mgeni ambaye hajaelezwa kinachoendelea. Akakata ndimu akaing'ata na ganda lake. Akatafuna. Ilikuwa kama kutafuna karatasi iliyolowa.

Ndipo ile tangawizi ya sokoni, na ile chumvi ya nyumbani, zikamrudia zote pamoja. Akakumbuka pia alivyokuwa anaongeza vodka, glasi baada ya glasi, akitafuta ladha ambayo wateja walikuwa wanaipata tangu funda la kwanza. Akashika kaunta kwa mikono miwili.

Mlango ukasukumwa. Shemeji aliingia na kreti ya soda begani. "Shemeji, mbona unatafuna ndimu kama muwa?"

Alihitaji ulimi wa mtu, na mtu aliyekuwapo ni huyo. Akazisogeza glasi mbili mbele yake. "Onja hizi, uniambie zina tofauti gani."

"Mimi tena? Unajua sinywi."

"Sijakwambia unywe. Onja."

Shemeji akatua kreti. Akaionja ya kwanza, midomo imetulia, uso haukukunjamana hata kidogo. Akaionja ya pili. Akaisukuma kando palepale.

"Hii umeitia maji," akasema. "Robo hivi."

Feni ikaendelea kulalamika. Mama Majira akamtazama Shemeji, mtu anayeijua pombe kwa lebo tu. Shemeji akaona anavyotazamwa, akafuta mdomo polepole. Kisha macho yake yakashuka kwenye ndimu iliyong'atwa na ganda, yakapanda tena usoni kwa Mama Majira.

"Na wewe," akauliza kwa sauti ya chini, "hukuweza kuijua mwenyewe?"

Kabla hawajasema zaidi, Mama Majira akaivuta chupa moja ya rafuni, akammiminia kidogo. Shemeji akaonja. "Kamili," akasema. Akammiminia ya pili. "Kamili." Ya tatu ilikuwa bado mdomoni mwake viatu vya meneja viliposikika koridoni. Akaimeza, akaitikia kwa kichwa: nayo kamili.

Meneja akaingia na tai imelegea. "Haya, Mama Majira. Ulimi unasemaje?"

Akavuta pumzi. "Vodka haina maji. Zote kamili."

Shemeji akashusha mabega yake kama aliyetuliwa gunia. Meneja akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akapiga hatua mbili kuelekea mlangoni, halafu akasimama.

"Basi kama haina maji," akasema, "mbona inaisha? Inakwenda wapi?"

Mama Majira alikuwa na jibu moja linalomhusu yeye, na sasa alihisi kuna jingine ambalo si lake. Kuhusu mkono wake uliomimina kupita kiasi alikuwa na hakika. Kuhusu Shemeji na lile begi, alichokuwa nacho ni uso usiokunjamana tu. Na Shemeji alimtazama kama mtu mwenye hesabu hiyohiyo, ila imegeuzwa: ya kwake aliijua, ya Mama Majira aliikisia kwa ile ndimu.

Nje wageni wa harusi walianza kuingia, wakiuliza kinywaji kipo wapi. Ungekuwa wewe nyuma ya kaunta ile, ungemjibu meneja nini?