Mzazi Anayetafutwa

Nina miaka ishirini kwenye ustawi wa jamii hapa Mwanza, na nimechoka. Nichekeni taratibu.

Mama Neema wa Igoma alikuwa anamtafuta baba wa mtoto wake, aliyehamia Uganda akasahau matunzo. Siku hizi hatutumi barua. Unajaza fomu kwenye kompyuta, na inafika kwa wenzetu ng'ambo siku hiyo hiyo. Sasa, fomu zetu za karatasi huanza na jina la afisa. Mkono wangu, kwa mazoea yake, ukajaza jina langu na ofisi yangu kwenye mistari ya kwanza. Nikatuma bila kusoma.

Kila Jumatatu mama huyo alikuja. "Shikamoo mzee. Wamejibu?"

"Marahaba. Bado, wale watu wamelala."

Jana jibu liliingia akiwa mbele yangu. Kwa majivuno nikamgeuzia kompyuta asome mwenyewe. Akasoma polepole, kwa sauti:

"Mzazi anayetafutwa amepatikana. Yuko Mwanza, ofisi ya ustawi wa jamii, chumba namba tatu. Asiachwe atoroke tena."

Akainuka, akatazama namba mlangoni, akarudi kukaa.

"Kumbe mzee, wiki zote hizi tulikuwa tunakutafuta wewe?"