Karabai Iliyoachwa Ichoke

Majirani walimwita Mthamini, na wengi walimwita hivyo kwa kumcheka. Mwenyewe alilipokea jina kwa mikono miwili. Alikuwa mtunza ghala mstaafu, mtu aliyemaliza ujana wake akilinda mifagio na makopo ya rangi ya serikali, na alipostaafu akajikuta hana tena wa kumsumbua. Ndipo akazivamia taa za zamani. Si taa zote, maana alijiona mtu wa kuchagua. Alitaka karabai tu, zile za kupiga pampu, walizobeba wapima ardhi na wawindaji na kila aliyelala kwenye hema kwa kazi au kwa starehe.

Sebuleni kwake hapakuwa na pa kukaa. Karabai zilijaa juu ya kabati, chini ya meza na kwenye makochi, kwa hiyo mgeni alipokelewa jikoni, alikohamia mkewe na redio yake. Hakuna hata moja iliyoruhusiwa kuwaka. Umeme ukikatika, nyumba yenye taa nyingi kuliko duka ilikaa na mshumaa mmoja, naye Mthamini akitafuta chumvi kwa kupapasa huku akieleza kwamba taa ikishawashwa imeshuka thamani. Mkewe alikuwa ameacha kumjibu zamani.

"Mwenzenu nimeolewa na ghala," aliwaambia mashoga zake, akaendelea kumenya viazi.

Lakini kujaza sebule si kosa la mtu kuchukiwa. Kilichokera ni jinsi alivyozipata hizo taa. Akiingia nyumba ya watu na kuona karabai, hakuitazama. Alikunywa chai yao, akauliza habari za watoto, akalalamikia joto. Kisha, kana kwamba jicho limeiangukia kwa bahati mbaya, aliisukuma kwa kidole kimoja.

"Bati," alisema. Akaikwaruza kwa ukucha, akaunusa ukucha, akakunja uso. Hata ingekuwa shaba tupu, ilikuwa bati. Halafu aliaga bila kuomba kuinunua.

Hiyo aliiita kuiacha ichoke. Taa ikishadharauliwa mbele ya mwenyewe, alisema, huchoka. Mwenye taa hukosa raha nayo, huanza kuona inamjazia nafasi, na mwisho humbembeleza Mthamini aje aiondoe pamoja na vikorokoro vyake vyote. Ukimkubalia mara ya kwanza utapata taa peke yake. Ukimkatalia atakuongezea na sanduku. Alijisifia mbinu hiyo kama vile dharau ni ufundi wa kusomea. Wajane, alisema bila haya, ndio huchokesha taa upesi zaidi.

Karabai moja tu ilikuwa imempiga chenga, na ilikuwa ya kaka yake. Kaka mtu alikuwa kibarua wa wapima ardhi, akiwabebea minyororo ya kupimia na mahema, na kazi ilipokwisha bosi alimpa taa yao iwe kumbukumbu. Ilikuwa nzima, na kioo chake chenye muhuri wa kiwanda, na sanduku lake la mbao. Kaka alipofariki ilibaki kwa mkewe, mshonaji. Mthamini alikuwa na rafiki mmoja wa mambo haya, daktari wa meno, ambaye naye alikusanya taa, na urafiki wao ulikuwa wa kutambiana tu. Alishamwambia daktari kwamba ile karabai ni yake na aje Jumapili kuiona. Hakuwa nayo bado. Heshima yake yote mbele ya mtu yule ilikuwa kwenye rafu ya shemeji yake.

Basi akaenda. Karabai ilikuwa kwenye rafu iliyo juu ya cherehani, inang'aa, kwa sababu shemeji hakuwa mjinga wa kuweka taa ya pambo. Umeme ukikatika aliiwasha na kuendelea kushona sare za shule.

"Karibu shemeji. Umepotea," alisema huku akikanyaga cherehani.

Mthamini akanywa chai. Akalalamikia joto. Kidole kikanyooka.

"Hii nayo bado mnaitunza?"

"Ya kaka yako hiyo. Yeye ndiye aliyenifundisha kuiwasha."

"Bati, shemeji. Bati iliyopakwa rangi ya shaba. Kaka alidanganywa. Na alikuwa mwepesi wa kudanganyika, tusimfiche."

Mguu ukaacha kukanyaga. Mwanamke aliitazama ile taa kama mtu aliyeambiwa jambo baya kuhusu mwanawe. Hakubisha, kwa kuwa mwenye kusema alikuwa mjuzi, tena ndugu wa damu wa marehemu.

"Basi ichukue wewe unayezipenda," alisema mwishowe. "Sanduku tu niachie, naweka vifungo."

Hapo mtu mwenye akili timamu angesema asante, akaibeba mpaka nyumbani akikimbia. Moyo wa Mthamini uliruka, lakini jicho lilikuwa kwenye sanduku. Daktari alikuwa na taa kama hiyo isiyo na sanduku. Ya nini kuwa sawa naye?

"Kwangu sijazi takataka," akajibu, akaaga. Njiani alipiga mluzi. Ilikuwa inachoka vizuri.

Jumamosi alirudi na mfuko mkubwa. Kwenye rafu palikuwa na pasi.

"Ile taa umeiweka wapi?" aliuliza, akipiga miayo ya uongo.

"Iko uani, shemeji. Njoo uone, nimefuata maneno yako."

Uani kuku walikuwa wanakunywa maji. Fundi bati, bila kuulizwa ni bati au shaba, alikuwa amelikata tangi la karabai katikati kwa msumeno, likawa chombo kizuri kipana cha kuku hao. Kioo kilikuwa kimemvunjikia mkononi.

"Siku ile ulipoondoka nililia, sikufichi," alisema shemeji. "Kila nikiitazama namwona kaka yako anachekwa na wale aliokuwa akiwabebea mizigo, na yeye anashukuru. Nikaona afadhali iwe na kazi nyingine."

Mthamini aliinama, akakigeuza kile chombo. Maji yakamwagikia viatu. Chini yake muhuri mwingine wa kiwanda ulikuwepo, mzima, kwenye shaba safi.

"Acha shemeji, utachafuka," alisema mwanamke. "Ni bati tu."

Angeweza kumwambia ukweli. Neno moja lingetosha kumrudishia mjane yule mume aliyeheshimiwa. Lakini neno hilo lingemvua Mthamini nguo, naye alizithamini nguo zake. Alikirudisha chombo mbele ya kuku, akamwambia amefanya vizuri.

Jumapili daktari alikuja, akapokelewa jikoni kama wageni wote, na mke wa Mthamini akawa anaosha vyombo.

"Iko wapi?" aliuliza daktari.

"Niliipima upya. Bati."

"Bati? Mimi niliishika siku za msiba wa kaka yako. Ile ilikuwa shaba tupu. Wale wapima ardhi walimpa taa bora kuliko zote walizokuwa nazo. Mtu hapewi kitu kama kile asipopendwa."

Mthamini alianza kukohoa. Mkewe aliacha vyombo. Alikuwa ametoka kwa yule mjane jana yake jioni, amesikia habari ya kuku na habari ya machozi, na alikuwa ameamini kila neno, kwa kuwa hata yeye alidhani mumewe angalau taa anazijua. Alifuta mikono, akamwomba daktari arudie aliyosema, asije akayafikisha vibaya. Daktari akarudia. Mwanamke akaingia sebuleni, akabeba karabai kubwa iliyokaa kwenye kochi lake la zamani, akachukua na chupa ya mafuta ya taa.

"Unaipeleka wapi hiyo?" Mthamini alisimama. "Hiyo haijawahi kuguswa na moto."

"Kwa shemeji yako," alisema mkewe, akitafuta kiberiti. "Ana sare za kushona."