Dawa ya Tatu ya Yaya

Dawa ya kwanza ilimfaa yaya, dada yangu mkubwa, kwa mwaka mmoja tu. Kisha damu ikarudi chooni, na tumbo likawa linamkata hata akinywa uji mtupu. Daktari wa Butembo alitueleza kwamba utumbo wake una vidonda visivyoletwa na minyoo wala maji machafu. Ni mwili wenyewe unaojipiga. Nilielewa upesi, maana nchi nayo ilikuwa inafanya vivyo hivyo. Akambadilishia dawa.

Ya pili, kortizoni, ilizuia damu lakini ikamvimbisha uso. Majirani zetu wa Kalunguta wakamsifu kwamba amenona. "Bengine vita inabakondesha," yaya aliwajibu, "miye inaninonesha." Tulicheka sana siku ile. Ila kila daktari alipopunguza vidonge, damu ilirudi.

Ikabaki ya tatu, azatioprini. Haikuwapo Beni wala Butembo. Mfanyabiashara mmoja wa parokia yetu aliitafuta Kampala, akaipitisha mpakani Kasindi ndani ya marobota ya nguo. Daktari alinionya mimi, kwa kuwa ndimi niliyesoma: dawa hii ni ya taratibu, miezi mitatu itapita kabla hatujaiona kazi yake. Ni vidonge viwili kila siku, bila kukosa, na tumrudishe mara kwa mara apimwe damu. Nilimweleza mama yote hayo, nikamwachia makopo, nikarudi Butembo kufundisha.

Mama yetu alikuwa mkulima hasa. Kwetu maharage ya mbegu huchanganywa na majivu ili wadudu wasiyatoboe, na hata njaa iwe kali namna gani, hayaguswi mpaka mvua inyeshe. Askari waliopita kijijini walichukua chumvi, blanketi, hata sufuria ikiwa motoni. Chungu cha mbegu walikiacha, kwa sababu waliona majivu tu.

Mwezi wa nne wa dawa hiyo yaya alikuwa amekonda mpaka nikambeba mgongoni kuingia kwa daktari.

"Anameza yote? Kila siku?" daktari akauliza.

Yaya alinitazama. Yeye alimeza alichopewa na mama pamoja na uji, hakuwa na nguvu ya kuuliza zaidi.

"Yote, docteur," nikajibu mimi, tena kwa ukali, kama mtu aliyeshukiwa wizi. "Kwetu hapana kucheza na dawa."

"Donc na hii dawa imekataa."

Akatuambia tuiache. Kilichobaki ni kumpasua na kuutoa huo utumbo, kazi ya Kampala, na barabara ya Kasindi ilikuwa imefungwa wiki hiyo hiyo kwa mapigano. Yaya alikufa kabla haijafunguliwa. Siku zake za mwisho aliomba maharage, chakula alichokatazwa, nasi tukamnyima. Jambo hilo linanichoma mpaka leo.

Mvua zilipoanza nilirudi nyumbani kusaidia kupanda. Nikamimina chungu cha mbegu kwenye ungo. Kati ya maharage kulikuwa na vidonge vingi, vimepakwa majivu.

Mama alikuja akapiga magoti kando yangu.

"Nilikuwa namuwekea," akasema. "Kimoja anameza, kimoja namuwekea, ya siku njia itafungwa. Mbegu hapana kumaliza yote."

Nilitaka kumfokea. Nilifungua mdomo kabisa, kisha nikakumbuka ni nani aliyemjibu daktari bila kumuuliza mama hata neno moja. Nilimchukia, nikajichukia mwenyewe zaidi, na wakati huo huo nilimwonea huruma.

Mama alitoa vidonge kimoja kimoja, akivipangusa kwa ncha ya kitenge chake. Hakuniangalia.

"Mais docteur alisema dawa ilikataa," akasema. "Si vile?"

"Ndiyo, mama," nikamwambia. "Ilikataa."

Akaitikia kwa kichwa polepole. Tukachukua majembe, tukaenda kupanda.