Nyekundu Imepotea

Mzee Sifuna, soja wa geti la mtaa mmoja huko Spring Valley, alimkuta mwenyekiti wa wakaazi, Mama Anita, akimsubiri kibandani jioni na kitabu cha geti mkononi. Kidole chake kilikuwa juu ya mstari wa mwezi wa sita: “Nyekundu imepotea.”

“Ni gari ya nani iliibiwa?” mama akafoka. “Na mbona ulinyamaza? Ndiyo maana nasema umezeeka. Enda kwenu Bungoma upumzike.”

“Si gari, madam. Ni nyota.”

Akamweleza bila kubabaika. Miaka tisa iliyopita, mwalimu mmoja mpangaji alimwonyesha nyota kubwa nyekundu iliyokula chumvi nyingi. Huvimba na kunywea, ikafifia hata isionekane kwa miezi, kisha ikawaka tena. Tangu hapo Sifuna huiandika, kwa kuwa kazi ya soja ni kuandika kinachotoka na kinachoingia.

“Na hayo macho yako ya uzee yanaona nyota?”

Sifuna akamnyang’anya kitabu, akafunua ukurasa wa jana, akamrudishia. Mama Anita akasoma: “Saa mbili usiku. Nyekundu imerudi.”

“Jana mwalimu mwenyewe alikuwa bado anaitafuta, na mimi nishaiona,” Sifuna akasema, akifunga vifungo vya koti lake la kazi kimoja kimoja. “Na hiyo nyota imenishinda uzee mbali sana, madam. Lakini sijasikia mtu akiiambia iende Bungoma.”