Mwenye Kofia Safi Kuliko Wote

Nichekeni tu, mimi mwenyewe nimeshajicheka mpaka mbavu zikauma. Nina hali inayoitwa Asperger. Alama ya moto kwenye ngozi ya ng'ombe wa kule Merti naisoma mara moja, lakini uso wa mtu hunishinda. Nikiwa mdogo mama aliniambia, "Mutuma, ukikosa kuelewa watu, chagua mmoja, ufanye vile anafanya." Ujanja huo umenifikisha hadi ofisi ya mifugo hapa Isiolo, ambako najulikana kwa kukataa kila ombi lisilofuata sheria, hata la mkubwa wangu, Mzee Halake.

Juzi mzee alikuwa anamwoza binti yake, akanialika nyumbani. Mimi ni Mmeru wa kanisa, nikah sijawahi kuona. Nikakagua wanaume wote kwenye mkeka, nikachagua mwenye kofia safi kuliko wote, nikaketi ubavuni mwake. Watu wa upande wa jamaa huyo walidhani mimi ni wa upande wa bibi harusi, na wa bibi harusi wakadhani nimekuja na jamaa.

Alikunja miguu, nikakunja. Aliinua mikono kwa dua, nikainua. Alipanguza jasho, nikapanguza uso mkavu. Moyoni nikajisifu: Mutuma, umeiva.

Sheikh akamwuliza swali refu. Jamaa akajibu, "Nimekubali."

"Nimekubali!" nikasema, kwa sauti kubwa kumshinda.

Sheikh akatutazama mmoja mmoja. "Kwani mnaooa mko wangapi?"

Mzee Halake akajifunika uso. "Sheikh, huyo ni wa ofisini kwangu. Miaka yote hajawahi kukubali kitu. Leo ndio ameamua kuanza?"