Iliki ya Posa Yangu

Nakumbuka siku moja, mwanangu, kuliko hata siku ya harusi yangu: siku mama yake Athumani alipovuka kutoka kisiwa cha Koyama kuja kwetu Kismayo kunitazama. Nilimtaka Athumani hadi usingizi ulinipaa. Lakini huyo mama alikuwa na kawaida yake, na watu wote waliijua. Akiacha kikombe cha chai nusu, posa imekufa.

Basi asubuhi nikatwanga iliki, nikaitia kwenye birika la chai ya maziwa na kuiacha ichemke wazi. Mtaa mzima ukanukia. Majirani wakachungulia uani kunisifu, na kichwa kikanivimba. Sisi tunapenda nyumba zetu zisikike harufu hadi njiani, tusidanganyane. Bibi yangu akaja, akaonja kijiko kimoja, akamwaga birika lote.

"Iliki yote kaipata mchu apitaye njia," akasema kwa lahaja ya kwetu, yaani mtu wa barabarani. "Mgeni wako atakunywa nini?"

Nililia kwa hasira. Yeye akanieleza polepole kwamba utamu wa iliki ni mafuta yaliyomo ndani ya zile mbegu nyeusi, mepesi mno. Ganda huyalinda, ukilipasua yanaanza kuruka, na moto huyafukuza. Yale makali, yanayofungua pua, hutangulia kuondoka. Wewe unayesoma kemia huko Mombasa unayajua kwa majina, na mimi nafurahi sana.

Wakati huo mgeni alikuwa ameshafika na kuketi. Nikachemsha upya maziwa, majani na sukari, nikaepua, ndipo nikaponda iliki, nikaitia na kufunika. Uani hakukunukia kitu, na yule mama akaanza kutazama mlango kama anayetaka kuondoka. Nikamimina. Akapiga funda moja, nami nikakikodolea macho kikombe nione kama atakiweka chini. Akanywa hadi chini kabisa, kisha akaninyooshea kikombe.

"Niongeze, mwanangu."

Mwanangu! Bibi alipiga kigelegele huko jikoni kabla hata posa haijatajwa, na mimi sikuona haya, nilicheka mbele ya mama mkwe.

Kwa hiyo nakuambia: ulicho nacho kizuri usikimalize kwa kutafuta sifa za wapita njia. Kihifadhi, kifungue kwa wakati wake, mbele ya anayestahili. Mungu akupe elimu yenye manufaa, akupe na nyumba ambayo wageni wake hawana haraka ya kuondoka. Amin.